Likizo Yetu Kwenye Bahari ya Nzilo

Mmeniuliza, na wengine mmeuliza huku mmeziba midomo ili msicheke: Ngoie, ile likizo ya baharini ilikuwaje? Haya. Nitaieleza kwa maandishi, kwa sababu kila nikisimulia kwa mdomo mama yangu anaingilia na kurekebisha sehemu zake. Kwenye karatasi hawezi.

Kwa wale wasiojua, Kolwezi haina bahari. Ina mashimo, ina vumbi, ina vilima vya udongo uliokwisha kukamuliwa shaba yake, na ina maji ya Nzilo, ambayo ni mto Lualaba uliozuiwa na ukuta ili utupe umeme. Mzungu mmoja mwenye hamu ya kwao alijenga hoteli ya vyumba vichache kwenye ukingo wa maji hayo, akaandika juu ya mlango kwa rangi ya buluu: La Petite Mer. Bahari Ndogo. Hakuna aliyembishia. Wakati ule mzungu akisema ni bahari, ilikuwa bahari.

Mapazia ya hoteli hiyo niliyashona mimi, ndiyo maana nilijuana na Tata Serafini, mpishi wake, mlinzi wake na mpokea wageni wake. Baada ya uporaji ule mkubwa wa mali za wazungu, mzungu alifunga sanduku, akaenda kuitafuta bahari yenyewe, na Serafini akabaki na funguo. Kila alipokuja mjini kutafuta chumvi aliniambia, "Mama Ngoie, kuya siku moja upumuzike. Mapazia yako iko inakungoya."

Basi mwaka ule wa kufukuzana tukaona ndio wakati mzuri wa kupumzika.

Mume wangu, Mukendi, ni Mkasai. Maana yake ni kwamba babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mukendi mwenyewe amezaliwa Kolwezi, amesoma Kolwezi, ni karani wa kampuni hapahapa, na Kasai ameiona kwenye ramani. Lakini siku zile ilikuwa imegunduliwa kwamba matatizo yetu yote, mishahara isiyokuja, mgodi ulioporomoka, hata mvua kuchelewa, yaliletwa na watu kama yeye. Kila siku familia zilisukumwa hadi stesheni na magodoro yao, kungoja treni ambayo yenyewe haikujua itakuja lini. Na kwa kuwa kwetu mtoto ni wa upande wa baba, binti zangu wawili, Bijou na Odia, nao walitakiwa kwenda. Mimi, mtu wa kaskazini ya mkoa wetu huu wa Katanga, niliruhusiwa kubaki. Heshima kubwa sana! Ningebaki na nyumba, na sufuria, na kitanda chote peke yangu.

Sikukitaka kitanda chote. Nilitaka mume wangu na watoto wangu wasipande treni ile.

KUTOKA NYUMBANI HADI MUSONOI

Niliwaza hivi: anayekimbia hubeba godoro. Asiyebeba godoro, basi hakimbii. Nikamvalisha Mukendi suruali nyeupe ya harusi, miwani ya jua na kofia ya majani. Mimi nikashika mwavuli mkubwa wa rangirangi, ule wa kuchomeka mchangani, niliopewa na yule mzungu badala ya sehemu ya malipo ya mapazia. Watoto nikawapa kijisanduku kimoja. Vingine vyote, kuanzia cherehani hadi vijiko, tukaviacha ndani, tukafunga mlango kama watu watakaorudi Jumatatu.

Jirani yetu alikuwa amesimama uani kwetu akilitazama paa letu kwa upendo.

"Munaenda wapi namna ile?" akauliza.

"Ku bahari," nikajibu.

"Ah. Bon repos," akasema, akitutakia mapumziko mema, na macho hayakutoka kwenye paa.

Tulikwenda kwa miguu hadi Musonoi, kwa mama yangu, Mama Banza, kumuaga. Hapa lazima nieleze jambo kwa wasio wa kwetu. Mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja. Si kwamba hawapendani: hawali, basi. Hamtazami akitafuna, haketi naye mkeka mmoja, halali chini ya paa lake, na wakikutana njiani yeye hushuka majanini. Hilo ndilo jambo pekee ambalo watu wa kaskazini na Wakasai walikuwa bado wanakubaliana. Tangu anioe, Mukendi hakuwahi kumwona mama yangu akimeza hata maji.

Kwa hiyo alisubiri nyuma ya ukuta, katika suruali yake nyeupe, na akasikia kila neno.

"Muache aende kwabo," mama akaniambia. "Batoto bafwate baba yabo. We uko mutoto wangu, utabakia na mi."

"Mama, kwabo ni hapa."

"Mi siko na ubaya naye. Lakini njo vile inakuwaka."

Nikamwambia tunakwenda Nzilo kupumzika. Alinitazama, akautazama mwavuli, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kichwani na kikapu cha chakula. Alikuwa anakuja nasi. Hakuja kwa ajili ya bahari. Alikuja ili nikichoka njiani anirudishe nyumbani, mimi peke yangu.

LORI LA MAKALA

Kipande cha njia kutoka Musonoi hadi Nzilo, wazungu zamani walikuwa wakikimaliza asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Sisi kilituchukua siku mbili. Tulipata lori lililokuwa likienda kuchukua makala, na tukapewa nafasi juu ya magunia matupu. Magunia ya makala hata yakiwa matupu hayasahau kazi yake. Kabla hatujaacha mji, suruali ya harusi ilikuwa imefiwa.

Mama aliketi mbele na dereva. Lakini kibanda cha dereva kilikuwa na kidirisha cha nyuma kisicho na kioo, na kupitia hapo mama alionekana vizuri sana, akitafuna karanga. Mukendi akageuka. Akasafiri njia yote ameipa Nzilo mgongo, akiiaga Kolwezi kwa macho, vumbi likimwingia puani.

Halafu lori likafa. Dereva alifungua boneti akaitazama injini kama mtu anayesoma barua ya huzuni, akaomba kitambaa, akaomba kamba, mwisho akaomba tuombe Mungu. Tulilala palepale. Kukicha mama akafungua kikapu chake: mihogo ya kuchoma, karanga, viazi vitamu. Yeye ni mtu wa kula kidogo kidogo mara nyingi. Kila mkono wake ulipoingia kikapuni, Mukendi aliinuka akaenda porini. Akirudi, mkono unaingia tena. Anainuka tena.

Dereva alimhesabia safari zake kwa uso wa huruma, kisha akamchukua pembeni.

"Tata, tumbo?"

Mukendi, badala ya kueleza mambo ya ukwe kwa mtu asiyemjua katika siku zile mbaya, alikubali kwamba ni tumbo. Dereva akachimba mzizi fulani, akauchemsha katika kopo la mafuta, akamsimamia Mukendi hadi alipomaliza kuunywa. Ulikuwa mchungu hata kuunusa tu. Baada ya hapo Mukendi alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kwenda porini.

"Baba anapumzika vizuri," akasema Bijou. Mtoto huyo amechukua ulimi wangu, nasikitika kusema.

BARYERI

Lori likafufuka, na baada ya mwendo mfupi tukakuta gogo limelazwa barabarani na vijana wenye fimbo. Baryeri hizo zilikuwa zimeota kila mahali, na kila moja ilikuwa na mkubwa wake. Mkubwa wa hii alivaa bereti nyekundu, na lafudhi yake ilikuwa ya kaskazini kwetu kabisa.

"Munaenda wapi?"

"Kupumuzika ku hoteli," nikasema, nikaufungua mwavuli ili aone vizuri.

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Walikagua lori wakitafuta magodoro, hawakuyapata. Hawakuwahi kuona mtu anayefukuzwa amebeba mwavuli wa pwani. Lakini yule wa bereti alikuwa amemwona mama mbele, akaenda kumsalimu kwa Kiluba, lugha yetu ya kaskazini, na mama akamjibu, wakatajiana vijiji. Mimi nyuma nikaushika mwavuli kwa mikono miwili. Neno moja tu la mama lingetosha. Angesema: yule wa nyuma si wetu. Mukendi angeshushwa, watoto wangeshushwa, na mimi ningerudishwa Musonoi nikiwa salama, kama alivyotaka.

Mama akageuka, akanitazama kupitia kidirisha.

"Mugongo inaniuma," akamwambia kijana. "Naenda kupumuzika."

Gogo likasogezwa. Yule wa bereti alichukua miwani ya Mukendi, ushuru wa utalii nadhani, na hakumtazama usoni wakati wa kuichukua, maana aliitaka miwani zaidi.

Mbele kidogo nikaingiza kichwa kwenye kidirisha kumshukuru mama.

"Sikusema kitu juu yake," akanikata. "Nilisema juu ya mugongo wangu."

HOTELI

Tata Serafini alitupokea mlangoni amevaa koti jeupe lisilo na vifungo. Kutoka makochi hadi stoo hapakuwa na mgeni, wala dalili kwamba aliwahi kuwapo.

"Muko na réservation?" akauliza.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alifikiri kidogo, akasema tuna bahati, nafasi ipo.

Ilikuwa hoteli nzuri, nisiseme uongo. Kila chumba kina jina la bahari. Kuna wavu wa samaki umepigiliwa ukutani na bakuli la makombe ya pwani yaliyotoka Ulaya. Hakukuwa na sabuni. Hakukuwa na umeme pia, ingawa nyaya za bwawa zilipita juu ya paa zikinguruma, zikiupeleka mbali kwa watu wengine. Mapazia yangu yalikuwapo, yamepauka upande wa maji.

Bijou alikimbia kuonja. "Haina chumvi!"

"Chumvi ilikwisha," Serafini akamjibu, "sawa bitu yote."

Chakula kilikuwa samaki wa mle majini, bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani za ukingo wa dhahabu, pamoja na uma na kisu. Sheria ya patron, yule mzungu aliyekwisha kuondoka, ilikuwa moja: wageni wote wanakula ndani, mezani, wakati mmoja. Mama akakaa mezani. Mukendi akachukua sahani yake akatoka nje.

"Sahani haitoke inje!" Serafini akamfuata. "Patron hapendi."

"Mama-mukwe iko ndani," nikamweleza.

"Najua mukwe. Hata shiye tuko na mukwe. Lakini huku ku hoteli hakuna mukwe, kuko ba-clients tu."

Walibishana kwa adabu hadi samaki akapoa. Mwishowe Serafini alikubali sahani itoke iwapo itakaa kwenye ngazi za veranda, chini ya mwavuli, maana hapo zamani wazungu walikunywa bia na patron hakusema kitu. Tangu siku hiyo Mukendi alikula mchana peke yake kwenye ngazi, akitazama maji, kama bwana mkubwa.

Nilipumzika sana. Nilipumzika nimelala chali, masikio yakiwa barabarani. Injini ikisikika mbali nilikuwa tayari nimesimama. Siku moja Mukendi aliniambia kwamba kaka yake alipanda treni na watoto wake wote wiki ile kabla hatujaondoka, na hakumuaga kwa sababu aliogopa kuonekana stesheni. Alilia, na mimi nikalia naye. Mpaka leo hatujui kama walifika. Hapa siwezi kutania, mnisamehe.

SAHANI MOJA

Walikuja kwa upande wa maji. Sisi tulikuwa tunachunga barabara, na wao wakaja kwa mtumbwi, yule wa bereti nyekundu na wenzake wawili. Hawakututafuta sisi. Walikuwa na njaa tu, walitafuta samaki. Na wakamwona mwanamume chini ya mwavuli, kwenye ngazi, anakula peke yake.

Sisi tulikuwa mezani. Kupitia mapazia yangu niliona yule wa bereti akisimama mbele ya Mukendi, na miwani ya Mukendi mwenyewe ikimtazama.

"Juu ya nini unakula inje, na bantu yako iko ndani?"

Mukendi akamega tonge lingine.

Kijana akachungulia dirishani, akamwona mama, akamtambua. Kisha akatabasamu polepole, na tabasamu lile silisahau.

"Ah. Mi niko mutu wa kaskazini, tata. Kwetu mwanaume anakulaka inje kama mama-mukwe iko ndani. Ule mama ni mutu wetu. We uko mukwe. Mukwe wa kutoka wapi?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu: suruali, mwavuli, godoro. Sikufikiria adabu. Mtu asiye na adabu angekula ndani na sisi na angekuwa salama. Mukendi wangu alifukuzwa kwa kuwa mgeni, na sasa alikuwa anakamatwa kwa kuwa mwenyeji mno. Odia alianza kulia kwa sauti ndogo.

Mama ndiye aliyesimama. Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi kando ya Mukendi, goti kwa goti. Akaweka mkono wake ndani ya sahani ya mkwe wake, akamega bukari, akachovya kwenye mchuzi wa mkwe wake, akatia kinywani. Akatafuna. Akameza. Mbele ya macho ya Mukendi.

"Unakula mbio hivi," akamwambia, "utaniachia nini?"

Yule wa bereti alirudi nyuma hatua moja. Mwelewe: kama mama angevua nguo zote pale, asingeshtuka hivyo. Mama akamega tena, akampa samaki kwa mkono wake, na yeye akala.

"Ni... mutoto wako?" kijana akauliza.

"We ulishaonaka wapi mama anakula na mukwe wake?"

"Hapana, mama. Haiwezekani."

"Basi."

"Lakini juu ya nini anakula inje?"

"Uliza ule tata wa hoteli. Anamukatalia kukula na mikono."

Serafini alikuwa mlangoni, na aliyajibu hayo kwa moyo wake wote: "Fourchette ni lazima! Mi nilisema tangu siku ya kwanza!"

Kijana akanielekezea kidole dirishani. "Na ule mwanamuke?"

"Muke yake."

"Wa wapi?"

Ndiyo hivyo, kwa sekunde chache mimi ndiye niliyekuwa Mkasai. Mama hata hakugeuka. "Mwulize mwenyewe," akasema. Nikatoka, na kwa Kiluba cha kijijini kabisa nikamwambia kijana yule ninavyomfikiria yeye, bereti yake, na malezi yake. Alifurahi sana kusikia lugha ya nyumbani. Akaomba samaki. Serafini aliwaketisha mezani, akawapa uma, wakala kwa shida, wakaondoka na mtumbwi wao.

Walipotoweka, mama alikuwa bado kwenye ngazi. Alikuwa anautazama mkono wake wenye mchuzi. Nilitaka kumgusa. Akaniambia nimletee maji ya kunawa.

KURUDI

Tulikaa pale hadi fujo zilipopoa na magogo yakatolewa barabarani. Serafini alituaga kwa mkono na kutuomba tuwaambie wengine. Basi nimewaambia.

Nyumbani kwetu tulimkuta yule jirani. Amekaa kwenye kiti chetu, anakunywa chai katika kikombe chetu, na alitukaribisha vizuri sana. Cherehani yangu ilikuwa inalia chumba cha ndani, mke wake anashona. Mukendi alisimama mlangoni kidogo, akavua kofia, akasema pole kwa usumbufu. Tukaondoka.

Hapakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa Musonoi, kwa mama. Mkwe chini ya paa la mama mkwe! Wanawake wa mtaa wetu bado hawajamaliza kulizungumza. Wiki nzima Mukendi alilala kwenye veranda, asubuhi anakwenda ofisini ambako hakuna kazi wala mshahara, jioni anarudi kwa njia ya nyuma. Kilichomsumbua si veranda. Ni ile sahani. Kosa kama lile halioshwi kwa maji. Lazima mkwe alete kitu, aombe radhi, ndipo watu wawe tena kama walivyokuwa, kila mmoja mahali pake.

Sijui alimpata wapi kuku yule katika njaa ile. Alikuja naye Jumamosi kwapani, akapiga goti nje ya mlango ameupa mgongo, kama inavyotakiwa, akaomba msamaha kwa Kiluba alichojifunza kwangu kwa siku tatu.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuku ya nini?" akauliza. "Tangu lini mutoto analeta kuku juu ya kukula na mama yake?"

Akamchukua kuku, akampika. Siku ile tulikula sote ndani, na mama ndiye aliyegawa. Watoto walipata mapaja, mimi mbawa. Firigisi, ambayo kwetu hupewa mwenye nyumba, alimwekea Mukendi.